Cherehani ya Watu Wawili

Saa kumi na moja alfajiri. Kwii, kwii. Gurudumu la cherehani linalia sebuleni kabla taa haijawashwa. Fundi wa sare, mwenye miaka arobaini na moja, anaitia mafuta kwa kupapasa. Mtaani wanamwita Mama Sindano.

Leo ana haraka. Saa tatu wazazi wanakutana shuleni kuamua kama watoto thelathini na sita wa wakimbizi wapokelewe au wabaki kambini. Sare zao zimebaki vifungo na mapindo. Hakuna aliyemwagiza.

Mwenzake anapiga hodi, mjane kutoka kambini, mtoto mgongoni.

"Umechelewa, shoga."

"Mwanao huyu kagoma kuamka!" mjane anatania, akimtikisa mtoto wake.

Pedali ilivunjika zamani. Mmoja huzungusha gurudumu kwa mkono, mwingine huongoza kitambaa. Fundi wa kuitengeneza yupo, ila Mama Sindano hataki aiguse: anataka iendelee kuhitaji watu wawili. Wanawake kumi na wanne wa kikundi chake hupokezana hapa, kila mara mwenyeji na mkimbizi.

"Wakinuniana, sindano inakatika," ananieleza, nami naandika habari yake. "Mwezi wa kwanza zilikatika kumi na tisa. Mwezi uliopita, mbili."

"Na zote mbili zako," mjane anadakia.

Wanacheka. Vita vilimchukua kaka yake Mama Sindano. Vilimchukua pia mume wa mjane. Wanaume hao walipigana pande mbili tofauti.

"Siku tatu za mwanzo hatukusalimiana," anasema Mama Sindano. "Ilikuwa 'zungusha', 'simama', basi."

Saa tatu wanafika shuleni na furushi la sare. Jirani yake Mama Sindano, aliyempakata bintiye wa miaka saba, hangoji salamu.

"Mama Sindano, utawavalisha hadi wauaji?"

"Nawashonea watoto, jirani. Muuaji wa darasa la kwanza sijamwona bado."

Wachache wanacheka. Wengi wamekunja nyuso.

Mwaka huu Mama Sindano anataka kitu kimoja tu, ananinong'oneza: watoto hao wakae darasa moja na wa mtaani. "Wakigombana, wagombanie penseli."

Mwenyekiti wa kikao anakohoa. Anasema huruma anayo, ila madarasa yamejaa, hakuna pa kuwakalisha. Vichwa vinaitikia. Mjane anaanza kufunga furushi. Mama Sindano anamshika mkono.

Binti wa jirani anateremka mapajani mwa mama yake.

"Dawati letu lina nafasi," anasema.