Kaka yangu alikata mabati ya Mama katikati ili yaingie kwenye camper van

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi humu kuna member aliuliza kama plywood na mabati vinaingia kwenye camper van. Watu wakamjibu kwa utani, page nzima vicheko. Mimi sikucheka. Nilizima simu, nikakaa nayo mkononi, hasira za miaka zikanirudia zote kwa mpigo. Nikaona bora niandike.

Dada yangu Kabula yumo humu humu jukwaani. Nikipotosha hata neno moja atakuja kunisuta mbele yenu, kwa hiyo someni kwa amani.

Sisi ni watu wa Ngulyati, Bariadi. Siku hizi ni Simiyu, enzi hizo tulikuwa bado Shinyanga.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria ndiyo limeingia. Wa rika langu mnakumbuka. Mabati ambayo zamani mpaka uwe na kibali na mtu unayemjua, ghafla yamejaa madukani Mwanza, ni wewe tu. Kampuni binafsi zikaanza kununua pamba, jineri mpya za kuchambua pamba zikafunguliwa, na mimi nikapata kazi kwenye mojawapo pale Bariadi mjini.

Upande wa pili, ushirika ulikuwa unakata roho na watu wanapunguzwa kazi.

Kaka yetu mkubwa, Maduhu, alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Alikuwa karani Mwanza. Alipolipwa mafao yake hakununua ng'ombe kama wenzake, wala hakufungua duka. Alinunua camper van kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao.

Kwa wasioijua, ni kombi ambayo ndani ina kitanda, kabati na jiko dogo la gesi. Paa lake linanyanyuka kama hema ili mtu aweze kusimama, kwa hiyo juu huwezi kufunga carrier wala kuweka mzigo wowote.

Plan yake ilikuwa kubeba watalii, kuwaingiza Serengeti kwa geti lililo jirani na Lamadi. Wazo zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa wazo zuri.

Shida ni kwamba lile gari lilimgeuza mtu. Ukipanda unavua viatu. Kabula aliwahi kuomba lift akiwa na kuku, akaambiwa achague moja, kuku au gari. Alitembea kwa miguu na kuku wake.

Sasa nije kwa Mama.

Baba alikuwa ameshafariki. Nyumba aliyotuachia, ya nyasi, iliungua kiangazi, moto wa watu waliokuwa wanasafisha mashamba ukaruka na upepo. Mama akahamia jikoni. Kile kijumba nyasi zake zilikuwa zimeoza, na Mama ana pumu. Moshi wa chini, unyevu wa juu. Ukimkuta asubuhi anapumua unasikia filimbi kifuani.

Mimi na Kabula tukajifunga mkanda. Kabula aliuza pamba yake, mimi nikatoa mshahara wa jineri, kuta za tofali za kuchoma zikasimama. Likabaki paa, na mvua haziko mbali.

Fundi Nkwabi, jirani yetu, alipima akasema tuchukue mabati ya futi kumi, ili kila bati litoke kwenye kofia ya paa lishuke hadi ukingoni bila kiungo. Tukaongeza plywood, shiti nzima nzima, za milango na dari ya chumba cha Mama.

Nilikwenda Mwanza mwenyewe nikanunua vyote.

Usafiri ulikuwepo, wakuu. Hapa mnisikilize vizuri. Malori ya jineri yalikuwa yanapeleka marobota ya pamba Mwanza na kurudi tupu. Dereva mmoja tunafahamiana, alishakubali kunipakilia.

Kaka akasikia, akaja juu kama moto wa kifuu.

"Mnanidharau," akasema. "Gari la familia lipo, nyie mnaomba omba kwenye malori? Mzigo wa Mama nitabeba mimi. Mimi ndiye mkubwa."

Nikamuuliza futi kumi zitakaa wapi mle ndani.

"Kitanda nitakitoa. Kimeshikwa na nati tu."

Hayo ni maneno yake mwenyewe. Nati tu.

Nikaacha mzigo dukani kwa jina lake, nikarudi kazini Bariadi.

Siku alizoahidi zikapita. Kenchi za paa ziko juu, majirani wameshakuja kusaidia wakaondoka, Mama kila akisikia muungurumo barabarani anatoka kuangalia. Baadaye Jumamosi mchana ndiyo tukaona camper van inaingia uani, imeoshwa inang'aa.

Kaka akashuka na shati jeupe. Akafungua mlango.

Kitanda kipo. Shuka limetandikwa, mto umewekwa.

Chini ya kitanda na kwenye kinjia cha katikati ndiyo kuna mabati. Mafupi. Nikadhani wamempa mzigo wa mtu mwingine. Nikavuta moja, nikaona ukingo wake umekatwa na mkasi, makali kama ya wembe, mawimbi ya bati yamepondeka. Plywood nazo zimepigwa msumeno katikati.

"Kaka, haya ni nini?"

"Mabati."

"Mimi nilinunua ya futi kumi."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito.

"Tano na tano ni ngapi?"

Wakuu, nimefanya kazi na watu wa kila aina, nimetukanwa na mabosi, nimeibiwa, nimegongwa na pikipiki. Sijawahi kusikia sentensi iliyoniuma kama ile.

Kumbe Mwanza alipata watalii wawili, mtu na mkewe. Asingeweza kutoa kitanda, wateja watalala wapi? Akatafuta mtu wa mkasi pale pale nje ya duka. Wakapakia vipande, wakapanda wazungu juu yake, na safari ikaanza. Ila haikuanza kuja Ngulyati. Walikwenda mbugani kwanza.

Yaani paa la mama yangu lilikwenda Serengeti kuangalia simba kabla ya kufika nyumbani kwake. Wageni wamelala juu yake huku yeye analala jikoni na kifua chake.

Nilimkamata kaka shati. Nakiri kabisa, na sijutii. Fundi Nkwabi akaingia katikati.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Akasema taratibu, "Ng'wanone," yaani mwanangu, "muache. Ni mkubwa wako."

Nikamuacha. Ila nilitamani ardhi inimeze, maana niliona hata Mama yuko upande wake.

Fundi aliokota vipande, akavigeuza geuza. "Plywood nitaidanganya itakubali. Bati halidanganyiki."

Kwa wasiojua ujenzi, bati ukilikata vipande viwili ukaliunga, lazima kipande kimoja kilalie kingine. Pale unapoteza urefu, kwa hiyo mabati hayatoshi tena kufunika nyumba. Pili, kwenye kiungo unahitaji mbao za ziada. Tatu, paa letu halikuwa na mwinamo mkali, na maji yakisukumwa na upepo yanapanda kinyumenyume yanaingia kwenye kiungo.

Kaka alipowasha gari aliacha neno moja tu. "Fundi mzuri hashindwi na kitu."

Tukaezeka hivyo hivyo, tungefanyaje. Chumba kimoja kikabaki wazi. Mvua ya kwanza ya upepo ilipokuja, kila kiungo kikalia machozi. Dari ya Mama ikavimba kama maandazi. Akarudi jikoni, kifua kikabana, tukampeleka hospitali.

Alitibiwa akarudi. Akarudi wapi? Jikoni.

Ndugu wa ukoo wakaniita wakanikalisha. Eti nisamehe, damu nzito kuliko maji, mkubwa hakosei. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumkalisha aliyekata mabati.

Sasa sikilizeni alichofanya Mama.

Kaka alikuwa anatoka Bariadi kwenda Lamadi kupokea wageni. Akapita nyumbani kula, maana ugali wa kwa Mama ni bure. Mimi nilikuwa kazini, sehemu hii Kabula ndiye aliyekuwepo.

Mama alimpokea vizuri, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, ng'wanone." Akampa chakula, akamnawisha mikono. Alipomaliza kula Mama akasema angependa kuliona hilo gari kwa ndani, hajawahi.

Kaka akafurahi sana. Mama akavua ndala mwenyewe bila kuambiwa, akapanda. Akaonyeshwa kabati, akaonyeshwa jiko. Akabonyeza godoro kwa kiganja. Akajinyoosha juu ya kitanda.

"Humu hakuvuji?"

"Hakuvuji, mayu."

"Basi nimehamia."

Kaka akacheka. Mama hakucheka. Akamwita Kabula kwa dirishani amletee blanketi, sufuria, Biblia yake, na yule kuku aliyekuwa anaatamia.

Kabula anasema hajawahi kukimbia kwa furaha kama siku ile. Kuku aliingizwa na mayai yake kwenye ungo, akawekwa kwenye zulia la camper van.

Kaka akaanza kubembeleza. "Mayu, nina wageni Lamadi. Wananisubiri."

"Na mimi ni mgeni humu. Nihudumie."

Wakuu, kwetu mama hashikwi mkono akavutwa. Mtu mzima ukimburuza mama yako nje ya gari, huko Usukumani hutapata tena mtu wa kukupa maji ya kunywa. Kaka alilijua hilo. Majirani nao walishaanza kukusanyika.

Akamtuma mtu na baiskeli aje kunichukua jineri. Nilipofika nilikuta uwanja umejaa watu. Kaka shati limelowa jasho.

"Mwambie mama yako ashuke," akaniambia.

Nikamjibu, "Mwambie wewe. Wewe ndiye mkubwa."

Mama akachungulia dirishani. Akaongea kwa sauti ile ile ya kawaida. "Maduhu, nitatoka humu siku kitanda hiki kikitoka. Ukakilete kitu nilichonunuliwa na wanangu, kizima kama kilivyokuwa dukani."

Nikajua hapo kwamba hakuwahi kuwa upande wake hata siku moja.

Kaka alisimama pale akiangalia barabara ya Lamadi, halafu akaangalia watu. Akafungua boksi la spana.

Wakuu, kile kitanda kilitoka upesi ajabu. Nati zilikuwa chache, na nyingine zilizunguka kwa vidole. Kabula alikuwa amebandika chai kwa ajili ya waliokuja, haikuwahi hata kuchemka.

Mama akashuka na kuku wake, watu wakashangilia. Mimi ndipo hasira ilinipanda kuliko siku zote. Nilikuwa nimejidanganya kwamba labda alijaribu kukitoa kikagoma. Kumbe hakugusa hata nati moja. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwanza, maana spana ilikuwa karibu na mimi na nilijiogopa.

Wale wageni wake walipata gari jingine. Kesho yake tukaenda Mwanza, mimi na yeye. Mabati ya futi kumi na plywood akanunua kwa mfuko wake.

Tulipakia mle mle ndani ya camper van. Plywood zikasimama ubavuni zikiegemea kabati, katikati tukatandika magunia ili zisikwaruzane. Mabati yakalala sakafuni, yakatokeza nyuma, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba na kitambaa chekundu kikaning'inia. Vikaingia. Vikaenea. Hakuna kilichokatwa.

Njiani, pale Nassa, tukasimamishwa na trafiki. Akazunguka nyuma, akauliza mzigo wa nani. Nikasema wa mama yetu. Akakaza kamba moja kwa mkono wake, akatuambia twende polepole.

Tulipofika Lamadi, pale pa kukata kona kuja kwetu, kaka ndiyo akafungua mdomo. Nikajua sasa anaomba msamaha.

Akasema, "Ungeniambia mapema kwamba ni muhimu kiasi hiki."

Niliangalia nje mpaka tunafika Ngulyati.

Nyumba iliezekwa upya. Mama aliishi humo miaka mingi, na kifua kilitulia kuliko tulivyotarajia. Vile vipande vya zamani fundi alivitumia kwenye choo na banda la mbuzi.

Mama alipofariki, watu wakajaa. Kaka kama mkubwa akasimama kushukuru waombolezaji. Akanyoosha mkono juu akasema, "Nyumba hii mnayoiona, mimi ndiye niliyemwezekea Mama. Mabati niliyatoa Mwanza kwa gari langu mwenyewe."

Watu wakaitikia kwa vichwa kwa heshima. Fundi Nkwabi akainamisha kichwa. Kabula akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia. Sikusema kitu, msiba ni msiba.

Kwa hiyo ndiyo nasema leo.

Nilichojifunza ni hiki. Mzigo wa mtu ukikushinda, mrudishie ukiwa mzima, mwambie umenishinda. Hakuna atakayekucheka. Anayejitwisha ili asifiwe, halafu akaukata ili yeye asisumbuke, huyo hajakusaidia hata kama amefika nao mlangoni.

Na wewe mwenye mzigo, usimpe mtu kwa sababu ni mkubwa. Mpe anayejua utakaa wapi.

Wenye ndugu wa aina hii, njooni mseme mliwafanyaje. Na mnaotaka kuniambia nisamehe, andikeni tu, hamkatazwi. Ila kwanza mniambie kama yeye ameshaomba.