Hedfoni za Marehemu

Mume wangu hakuniletea mke mwenza. Aliniletea hedfoni, na kwa miaka mingi sikuona tofauti. Alikuwa nazo kwenye kile chumba kidogo cha nyuma, amejifungia, na ukimwita mara tatu akale hakusikii. Nikiudhika nilikuwa nikifungua mlango na kumvua upande mmoja kwa mkono wangu, nimwambie maneno yangu kwenye sikio hilo moja, kisha nimrudishie.

Zake hazikuwa hizi za simu, za kununua sokoni Jumatatu na kutupa Ijumaa. Alikuwa na jozi mbili. Moja ilikuwa kubwa, nzito, yenye mito mipana, ukiivaa wafanana na rubani aliyepotelewa na ndege. Aliipata kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake Watamu arudi kwao, maana mume wangu alikuwa mhasibu wa hoteli huko na wageni walimpenda. Ya pili ilikuwa ndogo, nyepesi, yakaa vizuri sikioni hata mtu akiwa na mtandio. Pamoja nazo palikuwa na masanduku yake matatu: kigeuzi, amplifaya ndogo iliyotosha kiganjani, na amplifaya kubwa ya balbu, iliyokuwa na vioo vinne vilivyosimama juu yake na kuwaka polepole vikipata moto.

Alinieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka. Wimbo ulio kwenye kompyuta si sauti, ni tarakimu tupu. Kigeuzi ndicho kinachozigeuza kuwa sauti, na amplifaya ndiyo inayoipa sauti hiyo nguvu ya kusukuma hedfoni. Na si kila hedfoni hukaa na kila amplifaya. Zile kubwa ukizichomeka kwenye simu hunong'ona tu, zataka nguvu. Zile ndogo ukizipa nguvu nyingi zakuletea na takataka zote. Alisema ni kama kuposa, waangalia nani anamfaa nani. Nikamwambia basi aliyetuposa sisi hakuangalia vizuri. Alicheka mpaka akakohoa.

Hewa yetu ya chumvi ilimtia wazimu. Kila Ijumaa baada ya swala alizifuta pini zote kwa pamba na spiriti, akaweka ndani ya masanduku vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kisha akafunika kila kitu kwa leso zangu bila ya kuniomba. Leso nzuri, za jozi. Hilo sijamsamehe mpaka leo.

Kukohoa kwake kulikuwa pumu, alizaliwa nayo. Pumzi yake iliingia kwa taabu, na ilipotoka ilimalizia kwa mluzi mdogo. Nimelala pembeni ya mluzi huo ndoa yangu yote. Kwa huo nilijua amelala kweli au anajifanya kalala ili nisimtume. Aliyezoea pumzi ya mtu hivyo haisikii tena, ila ikikosekana anaamka.

Alifia hospitali, Kilifi, asubuhi. Mimi nilikuwa nimetoka kwenda kumtafutia maji ya madafu aliyoyatamani, na nilimwacha anapumua. Niliporudi wifi yangu, dada yake, alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake nikaona shuka limevutwa mpaka juu. Tukamrudisha Malindi, akazikwa kabla ya magharibi. Wanaume walimpeleka makaburini, sisi wanawake tukabaki nyumbani. Kwa hiyo pumzi yake sikuisikia ikikatika, na kaburi lake sikuliona likifunikwa.

Sikulia. Wanawake wakija matangani hutazama macho ya mjane kabla ya kutazama pa kukaa, na yangu waliyakuta makavu. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenziwe kwamba nina moyo mgumu. Shangazi yangu alinishika mkono, akanisihi nilie kidogo tu, nipate kupoa. Ningeweza kujifanya, lakini machozi hayakuwa tayari. Kwangu mimi alikuwa ametoka tu, na mtu aliyetoka haliliwi.

Nikaingia eda ya miezi minne na siku kumi. Nyumba yetu ni ya mawe, ya kizamani, na ndani kuna kiza hata jua likiwa utosini, taa ya ukumbini huwaka kutwa. Sikupaka hina, sikufukiza udi, sikuvuka kizingiti. Wifi alikuja kutoka Mambrui kukaa nami. Tukishaswali adhuhuri na kula, yeye hulala, mimi hubaki na mikono yangu isiyo na kazi.

Siku moja niliingia kile chumba kufuta vumbi. Niliondoa leso zangu, nikawasha amplifaya ya balbu kwa sababu ndiyo pekee niliyojua kuiwasha, na vile vioo vikaanza kushika moto kidogo kidogo kama makaa. Nikachomeka zile hedfoni ndogo. Zile kubwa zingenibana kichwa na mtandio wangu. Sikucheza wimbo, wala sikujua unachezwa vipi, na nyimbo ndani ya eda si jambo la kufanya. Nilizivaa tu, kwa sababu yeye alizivaa.

Nikamsikia akipumua.

Iliingia kwa taabu, ikapanda, ikakaa kidogo juu, ikashuka. Kisha tena. Mimi si mtu wa majini. Jirani yangu anayeona vivuli kila aendapo chooni nimemcheka sana. Siku hiyo mwili ulinisisimka kuanzia visigino, lakini sikukimbia. Niliketi kwenye kiti chake, na nilichokisikia moyoni hakikuwa hofu, kilikuwa furaha, nayaandika haya waziwazi. Nikamuuliza kama yuko huko. Hakunijibu. Lakini hata alipokuwa hai, akizivaa zile hakuwa akinijibu.

Tangu hapo nilikwenda kila siku, baada ya adhuhuri. Nilimweleza nani kaja, nani kaleta nini, nani kaja mikono mitupu na kula akashiba. Nilimweleza bomba la jikoni linavuja. Wakati mwingine pumzi ilifululiza kwa haraka, nikajua kifua kimembana, nikamwambia taratibu, taratibu. Wakati mwingine ilizama, nami nikizuia yangu mpaka ipande. Siku za Ijumaa ilitulia kabisa, ikawa uvumi mwembamba ulionyooka, nikafikiri amelala. Wifi aliniona mara mbili tatu nimekaa na hedfoni, macho nimefumba, akadhani nasikiliza Kurani. Akawasimulia wageni. Wale wale walionisema moyo mgumu wakaanza kuniombea dua, nami nikaitikia amina.

Eda ilipokuwa karibu kwisha, upande wa kushoto ukanyamaza. Nilitikisa waya, nikachomoa na kuchomeka, nikapuliza pini. Kimya. Upande wa kulia pumzi iliendelea peke yake, nyembamba. Nikahisi nimerudi Kilifi, nimesimama kwenye korido ya hospitali, ila safari hii nimewahi. Nilijiambia siondoki hapa, madafu na yakae huko huko.

Nikachukua simu ya marehemu. Alikuwa na rafiki yake huko Kilifi, mwenye duka la dawa, mgonjwa wa hedfoni kama yeye. Miaka walibishana kwa sauti za kurekodi, huyu akisifu amplifaya hii, yule akiiponda. Nilimjua sauti tu. Nikamwandikia kwamba upande mmoja wa hedfoni za rafiki yake umekufa, aje azitazame. Akajibu atafika kesho. Wifi hakupenda mwanamume mgeni kuja nyumba ya eda, tena imebaki siku moja nitoke. Kwani haziwezi kungoja hizo hedfoni, alitaka kujua. Nikamwambia haziwezi. Tukakubaliana mgeni akae ukumbini, mimi niwe chumbani nyuma ya pazia, naye wifi akae kati yetu, mlango wa nje uwe wazi. Alikubali kwa mdomo uliobetuka.

Kesho yake mgeni alikuja kabla ya alasiri, akabisha hodi, akasalimu, akamwombea rehema rafiki yake kwa maneno mazuri. Kisha akaniuliza kupitia pazia nimechomeka zipi kwenye ipi. Nikamwambia: ndogo, kwenye ile ya balbu.

"Shemeji, hizo mbili hazikai pamoja," akasema. "Hizo ndogo zina sikio jepesi mno, na hiyo ya balbu ina nguvu za kusukuma zile kubwa. Ukiziunganisha, wasikia uvumi wa balbu zenyewe. Stima ikipanda, uvumi wapanda. Stima ikishuka, nao washuka. Kuna mashine yoyote hapa karibu?"

Wifi akamjibu kwamba nyuma ya nyumba kuna karakana ya kuchomelea mageti. Basi ndiyo hiyo, akasema, na balbu moja imechakaa, ndiyo iliyonyamaza kushoto. Hakujua alichokuwa akikisema. Alikuwa akisema kwa upole, kama anavyomweleza mteja dawa ya kikohozi, na wifi alikuwa akijipepea.

Akaniongoza kwa sauti. Chomoa hizo ndogo. Chukua amplifaya ndogo, iunganishe na kigeuzi kwa ule waya mfupi. Zile kubwa ziache kwa ya balbu, hao ndio mtu na mkewe. Nilifanya kila aliloniambia, na kila pini iliingia mahali pake bila ya ubishi. Nikavaa zile ndogo. Akaniambia nisicheze kitu, nisikilize tu.

"Wasikia nini?"

Nikangoja. Nilingoja sana, mpaka wifi akaacha kujipepea.

"Sisikii kitu," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akashusha pumzi kwa furaha, huko nje ya pazia. "Alhamdulillahi. Ukimya huo, shemeji, marehemu aliutafuta miaka. Laiti angekuwepo."

Akanywa kahawa yake, akaaga, akarudi Kilifi.

Wifi alipokwenda kuosha vikombe nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ndogo, kwenye ya balbu. Upande wa kulia ukaanza tena: ikapanda, ikakaa, ikashuka. Nikasema moyoni, yule bwana na auze dawa zake. Mume wangu namjua mimi.

Kisha nikainua macho. Wifi alikuwa ameshalifunga pazia upande, na kutoka kwenye kiti niliiona taa ya ukumbini. Pumzi iliposhuka, taa ilififia. Ilipopanda, taa iliwaka vizuri. Ikashuka tena, ikafifia tena, na kwa mbali, nilipoinua upande mmoja wa hedfoni, nikasikia fundi akichomelea geti. Nikafumba macho kwa nguvu nisiione ile taa. Haikusaidia, nilikuwa nimeshaiona. Na Ijumaa, siku aliyolala vizuri, ni siku ambayo fundi hafungui karakana.

Nikautafuta ule mluzi, ule wa mwisho wa pumzi. Kama mluzi upo, nilijiambia, basi taa si kitu. Nilisikiliza pumzi baada ya pumzi mpaka shingo ikaniuma. Haukuwepo. Wala haukuwahi kuwepo. Nilikuwa nikiutia mwenyewe, kila siku, kwa mazoea, na sasa nilipojaribu kuutia haukukubali kukaa. Nilichokuwa nacho masikioni kilikuwa kioo cha moto na stima ya Malindi. Nilizima. Vile vioo vilichukua muda kupoteza wekundu wao, nami nilikaa navyo mpaka vikawa vyeusi.

Asubuhi wanawake walikuja kunitoa eda. Walikuja na maji ya kunikosha, nguo mpya, asumini na udi, na mizaha yao ya siku hiyo, maana mjane akitoka eda hutaniwa ili ajue dunia bado ipo. Shangazi alikuwa ndiye anayenimwagia maji. Kufika kata ya pili au ya tatu ya maji, kitu kilinipasuka kifuani. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikamshika miguu, maji yakamwagika ukumbi mzima. Mizaha ikakatika. Wale walionisema moyo mgumu walitazamana, na wifi akaja mbio akidhani nimeanguka.

Shangazi alichuchumaa, akanishika kichwa.

"Mwanangu, mbona walia kama mtu aliyefiwa leo?"

"Jana, shangazi," nikamwambia. "Amekufa jana. Nami nilikuwepo."

Aliiweka kando ile nguo mpya, akawaambia wanawake wafunike chetezo cha udi na watandike mkeka. Akanifunga leso kavu, akanikalisha, kisha akaketi mbele yangu, akanipa mkono kama apewavyo mfiwa.

"Makiwa, mwanangu," akasema.

Nikamwitikia, na wengine nyuma yake wakaanza kuja, mmoja mmoja.