Vigingi vya Mita Sitini

Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Idete. Mwaka kilipoamua kusimamia sheria ya kutolima ndani ya mita sitini kutoka mtoni, mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira. Niliisoma sheria mkutanoni, nikashika futikamba, nikapigilia vigingi kwa mikono yangu. Sehemu nzuri kuliko zote ya shamba langu, yenye udongo mweusi usiokauka hata Agosti, ikabaki upande wa mto.

Nilivumilia msimu mmoja. Wa pili, Jumapili moja watu wakiwa kanisani, niling'oa vigingi vyangu viwili nikavisogeza kuelekea mtoni. Sikuwa na njaa. Nilijiambia kwamba hatua ishirini haziwezi kuukausha mto. Ukweli ni kwamba nilijua hakuna atakayempima katibu.

Jirani yangu wa shamba alikuwa mama mjane, mtu mzima sana. Mafuriko yalikuwa yamebeba vigingi vyake, kwa hiyo alipopanda mpunga aliangalia wangu ulipoishia, naye akaishia hapo hapo.

Kamati ilipokuja kukagua tulianza kwake. Alikuwa amezidi. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza kuhusu shamba langu. Nikamjibu kwamba nimeshalipima mwenyewe, na kwamba mto pale umepinda. Akaridhika, au alitaka kuridhika.

Yule mama hakubisha. Alinisogelea, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nilifuata mstari wako."

Niliinama pamoja na wenzangu, tukaung'oa mpunga wake uliokuwa umeshafika magotini.

Baada ya mavuno nilirudisha vigingi mahali pake, nikajiuzulu kwa kisingizio cha presha. Mwaka jana ndipo nilipopata moyo wa kwenda kwake. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuacha.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Nilikuwa nasubiri useme mbele yao. Mimi watu wananiita mvunja sheria mpaka leo."

Nikamwahidi kwamba nitasema kwenye mkutano wa kijiji. Tangu hapo mikutano mitatu imepita. Katika ule wa mwisho nilinyoosha mkono, mwenyekiti akaniruhusu, nikasimama. Yule mama alikuwa amekaa na akina mama wenzake, ananitazama.

Nikauliza barabara yetu itachongwa lini.