Mbunge Aliyekuja Kula Kunde Väsby

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu Neema, ingawa ni ya zamani na yapo mambo makubwa zaidi niliyoyasahau. Nilikuwa kijana, nimeletwa Stockholm na serikali yetu ya Tanzania kusomea mambo ya maji, nikapewa chumba katika nyumba ya wanafunzi wa kigeni. Asubuhi natoka, nakuta viatu vyeusi vimepangwa nje ya mlango wa jirani yangu, Mhindi aliyekuwa amefika karibuni. Jioni vipo. Kesho yake vipo. Nikauliza jikoni, nikaambiwa yule bwana ni mkuu wa wilaya huko India, na kwao viatu vikiachwa mlangoni usiku, asubuhi vinang'aa.

Nikatafuta dawa ya viatu na kitambaa, nikakisugua kiatu cha kushoto peke yake.

Akaja jikoni amevivaa vyote viwili. "Bwana Zuberi," akasema, uso mkavu, "hiki cha kulia kimekukosea nini?"

Tulicheka mpaka kijana wa Finland wa chumba cha mwisho akaja kuangalia kuna nini. Huyo ndiye Mukund. Tukawa ndugu tangu hapo, yeye na Kiingereza chake cha ofisini, mimi na changu cha Tanga. Jambo lililomshangaza kuliko theluji ni kile kikaratasi cha namba ya foleni unachochukua benki au duka la dawa. Alikuwa akikishika kama tiketi ya sinema. Siku moja aliniambia, "Kwetu nikiingia mahali watu wote husimama. Nilidhani wanasimama kwa ajili yangu. Kumbe ni kwa ajili ya kiti cha cheo."

Nakusimulia habari zake kwa sababu Jumapili ulipokuja na keki, ukaniambia kwa Kiswidi, kama kawaida yako, kwamba chama kimeweka jina lako kwenye uchaguzi wa Bunge, nilifurahi nikashindwa hata kukata hiyo keki. Wewe nakujua tangu mama yako alipofika hapa kutoka Burundi akiwa na wewe mgongoni, na mke wangu Mwanaidi akakutafutia koti la kwanza la baridi. Lilikufika miguuni. Umefanya kazi komuni, yaani halmashauri ya mji, ukaacha, ukafungua na kaka yako kampuni ya kuhudumia wazee majumbani kule Jordbro. Sasa siasa. Njia hiyo, mwanangu, nimemwona mtu ninayempenda akiipita yote.

Mukund alirudi kwao, mimi nikabaki kwa ajili ya Mwanaidi, lakini simu hazikukatika. Serikalini alikuwa akianzisha jambo, barabara au zahanati, na kabla halijakamilika anahamishwa. Alivumilia, mwishowe akaacha kazi. Baba yake, aliyekuwa akimtaja mwanawe wa serikalini kila kwenye harusi, alinuna kwa muda mrefu sana. Mukund akaanza biashara ya maziwa pamoja na mdogo wake. Mwanzoni alikaa ofisini akisubiri wafugaji waje, maana ndivyo alivyozoea. Hakuna aliyekuja. Mkewe, Sudha, ndiye aliyemwambia, "Wewe si mkuu wa wilaya tena. Washa pikipiki." Akaiwasha. Akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba, anakaa na watu, anasikiliza habari za ng'ombe wagonjwa. Kampuni ikakua, ikawa inajulikana jimbo zima, na chama kimoja kikubwa kikamwomba agombee ubunge. Akashinda. Mimi huku nikatangaza kwa kila Mswahili, kuanzia Skärholmen mpaka Märsta, kwamba rafiki yangu ni mbunge wa India. Wengine walianza kunikwepa.

Kisha akaja. Alikuwa kwenye msafara wa wabunge uliotembelea Stockholm, na jioni walikuwa na karamu mjini. Akaomba radhi, akapanda treni peke yake hadi huku kwetu Upplands Väsby. Mwanaidi alikuwa amepika wali na kunde za nazi, maana Mukund hali nyama. Alikula kimya. Mtu yule kula kimya si kawaida yake.

"Chakula kibaya, shemeji?" Mwanaidi akamuuliza. Neno hilo la shemeji Mukund alilijua na kulipenda.

"Kizuri," akasema. "Kibaya ni kilichonileta."

Akatueleza. Kulikuwa na muswada bungeni. Kila anayenunua maziwa kwa wafugaji alazimike kuwa na mitambo ya kisasa ya kupoza na kupima, kwa ajili ya usafi. Maneno mazuri hayo. Lakini mitambo ilikuwa ghali, na wanunuzi wadogo wa vijijini wasingeiweza. Kampuni ya familia yake ilikuwa nayo tayari. Chama kilitaka aunge mkono. Mdogo wake, aliyeachiwa kampuni, alikuwa akimpigia simu asubuhi na jioni.

"Usafi ni jambo jema," akasema Mukund. "Nikiunga mkono, siungi mkono uongo."

Mwanaidi akaweka kijiko chini. "Shemeji, hao wenye ng'ombe wawili watatu, wanunuzi wadogo wakifunga, watauza kwa nani?"

Mukund akatazama sahani. "Kwa mdogo wangu."

"Kwa bei gani?"

"Atakayotaka yeye."

Nilitaka kumwokoa rafiki yangu kwa mzaha, Mwanaidi akanitazama, nikanyamaza. Baadaye tulimsindikiza kituoni. Kabla treni haijafika alinishika mkono akasema, "Wanaonipenda wengi sasa wananipigia makofi tu. Nyinyi mmeniuliza."

Alirudi, akasimama bungeni, akasema mbele ya wote kwamba kampuni ya familia yake itafaidika na sheria ile, na kwamba yeye ataipinga mpaka wanunuzi wadogo wapewe muda na msaada. Usidhani watu walimbeba mabegani, mwanangu. Sheria ilipita. Muda wa nyongeza ulitolewa, mfupi, lakini wafugaji wa upande wake waliutumia wakaungana na kununua mtambo wao. Chama hakikumsimamisha tena. Mdogo wake alimfungia mlango, na usiku aliponieleza hilo kwa simu nilimsikia akilia, mtu mzima. Akagombea tena bila chama, akashindwa vibaya.

Yeye na mdogo wake walipatana kwenye harusi ya binti wa Mukund. Mdogo mtu alikuja bila kualikwa, akasimama getini hajui aingie au arudi, Sudha akaenda kumvuta kwa mkono. Leo Mukund ana chumba kidogo nyumbani kwake, watu wanamletea matatizo yao na ofisi za serikali, anawaonyesha mlango wa kugonga. Anaumwa magoti. Nikimuuliza kama anajuta, ananiambia anajutia kutosema mapema, tangu siku ya kwanza ya kampeni.

Sasa nisikilize, Neema. Nenda. Sitaki ukae nje ya Bunge kwa kuogopa, maana wazee wa Jordbro wanahitaji mtu anayewajua kwa majina. Lakini kampuni yenu itaje leo hadharani, kabla hujaulizwa, na uitoe mikononi mwako kweli, si kwa kumpa kaka yako huku mnaelewana jikoni. Kila sheria itakayokuja ikiwa na maneno matamu, uliza nani atabaki bila pa kwenda. Ukimkuta mtu anayekuuliza swali linalokunyima hamu ya kula, mshike huyo, usimwache. Na mama yako akikupigia simu katikati ya mkutano, pokea, hata kama ni kukuuliza umekula nini.

Mungu akuwekee ulimi usiokwama pale ukweli unapotakiwa. Akupe usingizi mzuri, ukishinda na ukishindwa. Mimi nitakuombea dua msikitini, mama yako atakuombea kanisani, na Mwanaidi atakupikia. Nenda, mwanangu, tuko nyuma yako.