Zamu ya Mama Calist

Simu ilikuwa juu ya gunia la alizeti, mahali pekee ndani ya nyumba ambapo mtandao ulishika, na Dorika alikuwa amekaa kando yake gizani kama mtu anayelinda kuku anayetamia. Hakuwasha taa. Taa ya mjane ikiwaka usiku pale Unyambwa, asubuhi ataulizwa ni nani aliyeumwa.

Jioni Fredrick alikuwa amepiga kutoka Itigi. Huyu Fredrick ndiye aliyekuwa akiishi na Calist, mwana wa Dorika, kule Mitundu, katika chumba kilicho nyuma ya kibanda cha cherehani. Dorika alijua jina lake, ila halikuwahi kutoka kinywani mwake. Alimwita yule kijana. Yule kijana alisema wamepata lori la alizeti linalokuja Singida, watafika kabla hakujapambazuka. Kikohozi kimembana Calist na homa haishuki. Kisha akampa simu Calist mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unakula?"

"Nakunywa uji." Akakohoa mpaka Dorika akaisogeza simu mbali na sikio. "Mama, chaji inaisha, nasema mara moja. Nikikuta mlango wazi, nitaingia. Nikikuta umefungwa, sitagonga. Safari hii sigongi."

Dorika hakuhitaji kuuliza safari iliyopita ilikuwa ipi. Siku ya kumzika baba yake, Zefania, Calist alikuja kutoka Mitundu na begi lake dogo, akakuta mlango umefungwa. Ndani, mdogo wa marehemu, Mughwai, alikuwa ameuegemea kwa mgongo akisema kwamba shoga hatatupa udongo kwenye kaburi la kaka yake. Calist aligonga sana. Waombolezaji walikuwa wakimtazama mama, na mama alikuwa akitazama mkeka.

Calist alikuwa na virusi, hilo mama yake alilijua tangu mwanzo, na alijua pia kwamba dawa zilikuwa zimempenda. Alinenepa, akashona sare za kwaya za vijiji viwili. Halafu pale anapochukulia dawa akaja mhudumu mpya, akamwambia amlete mkewe kama wanaume wengine. Calist alipokaa kimya, yule mhudumu akamtazama suruali, akamtazama kucha, akamwita mwenzake wa chumba cha pili: "Njoo umwone bibi harusi." Mwezi uliofuata waliokaa kwenye benchi walikuwa wanamsubiri kwa hamu. Aliyekuwa akiwapelekea dawa majumbani watu wa namna yake naye aliacha kuja, aliogopa kukamatwa. Calist akaacha dawa. "Ugonjwa nauweza mama," alimwambia siku moja. "Benchi ndilo siliwezi."

Sasa majogoo walikuwa wameanza kuwika, na lori halijafika. Hapo ndipo hofu ya pili ilipomshika Dorika. Ilikuwa Jumamosi, na zamu ilikuwa yake.

Jumuiya yao husali kila Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Unafagia uwanja, unaazima viti, unapika uji, na msalaba wa jumuiya unaletwa kwako ukae wiki nzima hadi nyumba inayofuata. Mwenyekiti ni Mama Scholastika, ambaye baada ya mazishi ya Zefania aliwashauri wanajumuiya, kwa upole kabisa, kwamba vikombe vya kwa Mama Calist vichemshwe kwanza.

Dorika alijiuliza aseme nini wasije wakamkuta Calist. Akisema anaumwa, watakuja kumwombea kitandani. Akisema ana safari, wataulizana mbona hakuaga. Alimpigia yule kijana, simu haipatikani. Mwishoni akafanya jambo aliloliona la akili. Alitoka, akatia kufuli kwenye mlango wa mbele, akazunguka uani, akaingia kwa mlango wa jikoni na kuweka komeo. Wataona kufuli, wataenda kusali kwa Naftali jirani. Wakishaondoka, atatoka kulifungua kabla lori halijafika.

Alisahau watu aliozaliwa kati yao. Unyambwa mwanamke hafungi nyumba kwenye zamu yake. Akifunga, basi kuna maiti mahali.

"Kufuli!" Ilikuwa sauti ya Mama Scholastika.

"Labda kaenda kuteka maji," alisema Naftali.

"Maji kwenye zamu yake? Hata uji haunukii."

"Basi kafiwa. Mama Calist hawezi kuiacha zamu hivi hivi."

"Kafiwa na nani? Mume tulishazika. Amebaki na yule wa Mitundu."

Dorika, ndani, aliweka kiganja ukutani.

"Ndiye huyo," alisema Loyce, mke wa Naftali. "Nasikia amekauka kama bua la mtama. Shemeji yangu anafanya usafi kule wanakochukulia dawa. Ila hiyo ni siri."

"Siri gani, Loyce? Umeisema kisimani, ukaisema sokoni, na leo unaisema mbele ya msalaba."

Wakacheka. Mwanamume mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa marehemu wa namna ile anaombewaje?"

"Taja jina," Naftali akamjibu. "Matendo tunaruka."

Walicheka tena, safari hii kwa kuzibana pua, kwa kuwa msiba ni msiba. Mama Scholastika akawatuliza. "Hatuondoki hapa. Mwenzetu atarudi na habari mbaya akute uwanja mtupu? Loyce, nenda kachukue unga. Naftali, kuni, kisha umpigie Mughwai aje, huyu ni mtoto wa kaka yake, apende asipende."

Basi wakatandika mikeka. Wakaanzisha wimbo wa maziko, nje ya nyumba ya mwanamke aliye ndani, kwa ajili ya mtu aliye njiani anakohoa. Majirani wasio wa jumuiya wakasikia wimbo, nao wakaja. Dorika aliuma upindo wa kanga. Kutoka ilikuwa ni kusema, nilikuwepo, nimewadanganya. Kutotoka ilikuwa ni kuliacha kufuli liseme lenyewe kwa mtoto. Alibaki katikati ya chumba, ufunguo umefungwa kwenye pembe ya kanga, akiomba lori liharibike huko huko Manyoni.

Kilichokuja ni pikipiki ya kutoka mjini. Alichungulia kwenye ufa wa dirisha. Calist alikuwa amekaa katikati, blanketi hadi shingoni na jua tayari limetoka, na yule kijana nyuma amemkumbatia asianguke. Dereva akazima injini. "Hapa pana msiba?"

Wimbo ukafia njiani. Yule kijana akashusha mguu mmoja chini, akainama kidogo.

"Shikamooni wazazi."

Hakuna aliyeitikia. Watu wazima uwanja mzima, na salamu ikabaki imening'inia.

"Mzazi wako nani hapa?" Mama Scholastika akamuuliza.

"Haa! Marehemu kaja kwa bodaboda," akasema yule mwanamume wa nyuma.

"Na mjane wake kamshikilia," Naftali akaongeza, na kicheko kikapasuka kweli kweli.

Calist hakuwatazama. Alitazama mlango. Alilitazama kufuli kwa muda, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa jambo alilokwisha kulijua, akamgusa dereva begani.

"Geuza."

Dorika hakukumbuka baadaye jinsi alivyoondoa komeo. Alijikuta amezunguka nyumba, peku, anapita katikati ya mikeka huku akifungua fundo la kanga kwa meno. Watu walimpisha kama wanavyompisha kichaa.

"Kumbe upo!" Mama Scholastika alisimama. "Sisi tunakulilia, kumbe uko ndani unatusikiliza!"

"Nimewasikia," alisema Dorika. "Mpaka pale pa kuruka matendo."

Naftali akaangalia kuni zake. Ufunguo ulikataa tundu, ukaanguka mavumbini, akauokota. Nyuma yake pikipiki ilikuwa inawashwa.

"Mama Calist," Mama Scholastika alimsogelea, sauti chini, ile ya upole. "Nakwambia kama dada. Mughwai yuko njiani. Akikuta umemwingiza huyu na mwenzake, nawe utatolewa. Mwanamke mzima, utalala wapi?"

"Mlango huu aliutengeneza Zefania. Mughwai aliuegemea tu."

"Msalaba hauingii humo."

"Rudi nao, dada."

Kufuli likakubali. Dorika aliusukuma mlango mpaka ukagonga ukuta wa ndani, ili wa kwenye pikipiki ausikie kama haoni.

"Calist! Baba, shuka."

Alishuka. Yule kijana akamwegemeza begani na kumpitisha kati ya watu, na watu wakavuta kanga na makoti yao yasiguswe. Bibi mmoja alitema mate, yakaangukia karibu na kiatu cha Calist. Kwenye kizingiti yule kijana akamwachia mama mzigo wake, akarudi nyuma hatua moja, akasimama kama mtu aliyefika mwisho wa ruhusa yake.

"Ingia na wewe, Fredrick," alisema Dorika. Kisha akamgeukia dereva. "Usiondoke. Akinywa uji uliomo kwenye chupa tunakwenda hospitali mjini. Hilo benchi lao nitakaa naye mimi."

Dereva alitazama uwanja, akawatazama wale watu, akachomoa ufunguo wa pikipiki. Hakusema kama atasubiri kwa wema au kwa sababu hajalipwa.

Mama Scholastika alikuwa tayari ameushika msalaba kifuani. Wakakunja mikeka. Kule chini, kwenye njia ya mashamba, Mughwai alikuwa anapanda na baiskeli, na kwa upande wa kisimani Loyce alikuwa anarudi na beseni la unga wa msiba kichwani. Alipofika uwanjani alimwona aliyeletewa unga amekaa ndani kwenye kigoda, anakohoa, mama yake anampulizia uji. Loyce akasimama. Akageuka, akaurudisha unga kwao.

Dorika alimwona akienda, na alimwona Mughwai akija. Mlango aliuacha vile vile, wazi.