Faili la Marejeleo ya Mume Wangu

Mimi niliishia Fomu Foo. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari hapa Rongai. Tulipooana tulikubaliana hivi: yeye amalize shahada yake ya pili kwanza, na akishawasilisha tasnifu zamu ni yangu, niingie chuo cha ualimu wa chekechea Januari. Kwa hivyo ile tasnifu niliitaka iishe kuliko mwenyewe.

Laptopu ni moja. Ndani ameweka mifumo miwili ya kuiendesha: ule wa kawaida ninaoujua mimi, na mwingine wa bure ambao anauringia. Ukiwasha, unachagua. Orodha ya vitabu alivyonukuu iko kwenye faili moja, pahali mifumo yote miwili inaifikia. Kazi ya kulijaza ilikuwa yangu: mwandishi, mwaka, mchapishaji, nikinakili kutoka vitabu alivyoazima maktaba ya Nakuru.

Sasa, mwenye mtoto wa miezi saba hazimi kompyuta. Mtoto akilia unafunga kifuniko, laptopu inalala na kazi yako ndani, unanyonyesha, unarudi unaendelea. Aliiseti hivyo yeye mwenyewe, sababu ya stima kupotea. Alhamisi nilijaza vitabu thelathini na nane. Kabla sijahifadhi mtoto akaamka, nikafunga kifuniko.

Jioni mwalimu akaingia kwenye mfumo wake. Ukamwambia wazi: ule mwingine haujazimwa, umelala, kwa hivyo hili faili utalisoma tu, huwezi kulibadilisha. Mtu mwenye akili angeniuliza, nilikuwa jikoni. Yeye akaenda mtandaoni, akapata amri ya kufuta kile kilicholala, kwa nguvu. Akafuta. Kesho yake akarudisha vitabu vyote maktaba.

Jumamosi nikafungua. Hakuna hata kitabu kimoja cha Alhamisi.

"Ulifanya nini hapa?"

"Si nilitoa tu kitu kilikuwa kinanizuia."

"Hicho kitu ni kazi yangu ya siku nzima!"

"Mathe, tulia. Utajaza tena, ni thelathini tu."

"Thelathini na nane. Na usiniite mathe, mimi si mama yako. Vitabu viko wapi?"

Akaanza kumchezesha mtoto. Maktaba ilikuwa imefungwa wikendi, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha.

"Basi nitaomba waniongezee muda hadi Aprili," akasema, kama mtu anayeahirisha kunyoa. "Na wewe si utaingia tu Mei?"

Mei! Nilikuwa nimeshika kijiko cha uji na niliogopa nitamrushia.

Jumatatu alikuwa tayari ameomba ruhusa shuleni, kwa ajili ya ile tasnifu ambayo haikuwa tayari. Nikamwekea mtoto mapajani.

"Unaenda wapi?"

"Chuoni, kuchukua fomu. Wewe ndiye unaomba kuongezewa muda. Mimi sijaomba."

Nilikuwa kwenye foleni ya usajili, vyeti mkononi, aliponipigia. Mtoto analia, akasema, na faili limekataa kufunguka. Nikamwambia aanze na mtoto. Kisha nikakata simu, maana karani alikuwa ameniita.