Alichomoa Waya Mmoja Tu

Mume wangu ni fundi wa majokofu, na kwa majokofu sina neno naye. Jokofu bovu analisikiliza linavyonguruma, analigonga ubavuni, anataja ugonjwa wake, na mara nyingi hakosei. Kinachonitoa roho ni lile dude lililokalia ukuta wa sebule yetu, mahali ambapo watu wenye akili zao huweka kabati la vyombo.

Ni sinthesaiza, mashine ya kutengeneza sauti za muziki kwa umeme. Si ile ya kubonyeza kama kinanda. Hii ni vipande vipande alivyounda mwenyewe kwa miaka, kila kipande na matundu yake na vitufe vya kuzungusha, na bila kuviunganisha kwa nyaya haitoki hata sauti ya mbu. Akishaviunganisha, mimi napita kiubavuubavu na sufuria yangu nisije nikajikwaa.

Shemeji yangu, mdogo wake, anafanya muziki huohuo kwenye laptopu. Ana programu inayochora mashine nzima kwenye kioo, nyaya na vitufe vyote. Akipata sauti nzuri anaihifadhi, anakwenda zake kulala. Ya mume wangu haihifadhi kitu. Ukichomoa nyaya, sauti imekwenda. Nimemwambia mara ngapi ahamie kwenye programu? Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi siku moja mama mmoja mwongozaji wa filamu akaja kuulizia jokofu lake, akaikuta mashine inatoa sauti nzito, inayopumua polepole na kutetemeka kidogo mwishoni. Akakaa kitini bila kukaribishwa.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta kwa filamu yangu," akasema. "Fundi, usiguse kitu. Jumamosi nakuja na vifaa vya kurekodi."

Jina la mume wangu lingeandikwa kwenye filamu, yeye ambaye hajawahi kuandikwa popote ila kwenye kibao cha karakana. Wiki nzima mashine ikapumua sebuleni, nikapika nayo, nikakunja nayo nguo.

Ijumaa nikamkuta amesimama mbele ya ukuta, waya mkononi.

"Nimechomoa mmoja tu," akasema. "Nilitaka niiboreshe."

"Uboreshe nini? Si umeambiwa usiguse?"

"Mwishoni ilikuwa inatetemeka."

Nilitamani kumchapa mwiko. Aliurudisha waya palepale, lakini vitufe alikuwa ameshavizungusha na hakumbuki vilikuwa wapi. Hata kwenye simu hakuirekodi. Alihangaika mpaka usiku, ikawa inatoa kila sauti isipokuwa ile. Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi nikampigia shemeji. Akaja na laptopu, tukamwelekeza, na kabla chai haijapoa ikatoka sauti nzito, inayopumua, na mtetemo wake mwishoni. Mwongozaji alipofika tukamsikilizisha. Akafumba macho.

"Ndiyo hiyohiyo," akasema.

Kilichobaki ni sisi kunyamaza, na mimi kuliko wote, mhubiri mkuu wa laptopu.

"Siyo," nikasema.

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, jamani. Tofauti iko wapi?"

"Ile ilikuwa inachoka. Hii haichoki."

Mwongozaji akacheka kwa adabu. "Mama, ukumbi mzima hakuna atakayejua." Akairekodi, kisha akauliza aandike jina la nani.

"La mdogo wangu," mume wangu akajibu. "Ndiye aliyeitengeneza."

Walipoondoka nikamgeukia nimwage yote yaliyonijaa kifuani, nikamkuta anatabasamu kama bwana harusi.

"Kumbe na wewe umesikia," akasema.

Nimekasirika mpaka leo. Nimemkasirikia yeye kwa ule waya, na nimejikasirikia mimi kwa haya masikio. Maana sasa kila jioni ananiita kutoka jikoni, mikono yangu ina unga hadi kwenye viwiko, ananisimamisha mbele ya ule ukuta, anazungusha kitufe kimoja taratibu.

"Ndiyo hii?"

Nami, Mungu anisamehe, nasikiliza mpaka mwisho, kisha namwambia siyo.